Mkono Wenye Jina: Siku Yangu ya Kwanza kwa Wachonga Vinyago wa Dar

Jamani, nendeni! Ningeweza kuishia hapo, maana hukumu yangu ndiyo hiyo. Lakini nitanyamazaje? Nimetoka kwa wachonga vinyago wa Mwenge na wachoraji wa Tingatinga kwa siku moja. Unga wa mpingo bado umo kwenye nywele, rangi ya buluu imeninata kidoleni kwa sababu nilishindwa kujizuia nikagusa picha mbichi, na moyo unakwenda mbio kama mtoto aliyetumwa dukani na kuambiwa chenji ni yake.

Kwanza mjue natoka wapi. Salamabila, kule Maniema, Kongo, ni mji wa dhahabu. Kwetu kijiwe kikitoka shimoni kinakwenda mizanini, na kikishuka mizanini hakina tena habari ya aliyekichimba. Kinaitwa gramu. Nimekulia humo, nikaja Dar kwa njia ya Fizi na Baraka, nikavuka ziwa hadi Kigoma, nikapanda basi. Ni karibu njia ileile ya misafara ya zamani: Kasongo, Kabambare, Ujiji, Tabora, mpaka pwani. Waliotutangulia waliipita na pembe za ndovu za wenyewe mabegani. Mimi nimekuja na begi tupu, nia yangu ni kulijaza.

Mwenge unaisikia kabla hujaiona. Ko, ko, ko! Ni tezo zinagonga gogo. Vibanda vimepangana, vinyago vimebanana hadi mlangoni, na kwa nyuma, penye kivuli, ndiko kwenye utamu wenyewe. Watu wazima wamekaa chini, gogo limebanwa kwa nyayo, tezo inapita karibu na kidole gumba kiasi kwamba mimi ndiye niliyefumba macho. Mzee mmoja alikuwa akichonga ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, huyu juu ya bega la yule, ukoo mzima umetoka kwenye kigogo kimoja bila kuungwa popote. Alikuwa anatoboa kati ya mkono na mbavu kwa patasi nyembamba. Mwanga ulipopenya upande wa pili, nilipiga kelele kama vile timu yangu imefunga bao!

"Papa, umefanya aje hapo?" nikamuuliza.

Akacheka hadi patasi ikamtoka. "Huku kwetu papa ni samaki, mwanangu. Unatoka wapi?"

"Maniema."

"Mmanyema! Basi wewe mtu wa Kigoma."

"Hapana, mzee. Ng'ambo ya ziwa, mbele ya Kabambare."

Tangu hapo nikawa mgeni wake, na darasa likaanza. Mpingo, kumbe, una nguo mbili: nje kuna mbao ya manjano iliyopauka, ndani ndiko kwenye weusi. Mti wenyewe unakua polepole mno, miongo mingi kabla ya kufaa kuchongwa, na ni mzito hata ukiutupa majini unazama. Kwa hiyo ukitaka kununua, usitumie macho peke yake. Kibebe kinyago. Kikiwa chepesi mkononi, huo ni mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu. Kigeuze, kwaruza kidogo chini kwa kucha, uone kama weusi unatoka. Mimi, mtoto wa mji wa mizani, hilo somo nililishika papo hapo! Kibanda cha tatu nilichoingia, nikabeba "mpingo" ulioelea kiganjani kama muhogo mkavu, nikaurudisha rafuni kwa adabu.

Halafu kuna vinyago vya mashetani. Ujamaa na shetani ni mitindo ya Wamakonde, watu wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na huu wa shetani ulianza miaka ya 1950 na mchongaji aitwaye Samaki Likankoa. Jicho moja limeshuka shavuni, mdomo umekwenda kwa jirani, mguu wenyewe haujui kama ni mkono. Wahenga wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Kwa hawa, sina hakika!

Mchana nikakimbilia Tingatinga, upande wa Oysterbay, kwenye ushirika wa wachoraji ulioundwa mwaka 1990. Rangi, rangi, rangi! Chui mwenye madoa yanayong'aa kama sufuria mpya, ndege wenye shingo za kujipinda, samaki wamejaa ubaoni hadi maji yamekosa pa kukaa. Wanachora mbele yako, kopo la rangi ya mafuta chini, brashi nyembamba mkononi, doa baada ya doa. Yote haya yalianzishwa na mtu mmoja, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Alichora miaka minne tu! Na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima.

Hapo ndipo niliponyamaza kidogo, nikakumbuka kwetu. Kusini mwetu, katika bonde la Lualaba, aliishi mchongaji wa viti na sanamu ambazo makumbusho ya Ulaya yanazigombea. Kwa miaka mingi vitabu vilimwita "Bwana wa Buli", kwa jina la kijiji, kwa kuwa waliozichukua hawakuuliza nani alizichonga. Baadaye ndipo likaja jina la Ngongo ya Chintu. Lakini kazi nyingi za Wahemba, Wabangubangu na Waboyo bado zimesimama kwenye vioo vya mbali na jina la kabila pekee. Ni gramu, kama dhahabu yetu. Hapa Tingatinga, kila picha ina jina la mchoraji kwenye kona ya chini. Nilizunguka nikiyasoma kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

Kasoro zipo. Wauzaji wa mbele wanakuvuta shati kabla hujasalimia. Twiga ni wengi kupita mbuga. Bei ya kwanza ni utani, ijibu kwa utani. Ushauri wangu: nenda Mwenge asubuhi, pita moja kwa moja hadi nyuma kwa wachongaji, kaa, salimia, uliza kazi kabla ya bei. Tingatinga iwe ya mchana. Ukibakiwa na nguvu, Kijiji cha Makumbusho hakiko mbali na Mwenge, nyumba za makabila zimejengwa uani ukazizunguke.

Mimi nilirudi kwa mzee wangu jioni. Nikachukua kinyago kidogo cha ujamaa, watu saba, kizito kama tofali. Nikamwomba aandike jina lake. Alinitazama kama nimemwomba maji ya kunywa, jambo dogo hivyo! Akakigeuza, akachora herufi chini kwa ncha ya patasi, akapuliza unga.

Nawajua wazee wa Salamabila. Watakipima kiganjani kwanza, wataniuliza kina uzito gani. Nitawageuzia chini juu, wasome.