Kiingereza cha watoto: kinachokwenda nyumbani ni sauti

Mwaka 2007, walimu wawili wa kemia huko Woodland Park, Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Hatimaye wakageuza mpangilio mzima: maelezo yasikilizwe nyumbani, kipindi kiwe cha mazoezi. Darasa lililogeuzwa likavuma kutoka hapo.

Lakini wale walikuwa vijana wa sekondari. Mwalimu wa darasa la pili akituma nyumbani video ya sarufi, ameshakosea njia. Mtoto wa miaka saba au minane hajifunzi lugha kwa kuelezwa kanuni. Anachohitaji ni kuisikia mara nyingi, na hicho ndicho kitu ambacho kipindi cha nusu saa hakiwezi kumpa.

Tuchukue somo la kuhesabu vitu. Mwalimu anarekodi sauti ya dakika mbili kwa simu yake. Maelekezo ni ya Kiswahili, kisha inafuata "one top, two tops" (kifuniko kimoja, vifuniko viwili), na kimya kifupi baada ya kila kifungu ili mtoto arudie. Kimya hicho kina historia kwetu: miaka ya 1980 Kenya ilifundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya mwanzo, na watoto waliijibu redio kwa sauti. Mwishoni linakuja agizo: kesho njoo na vifuniko vya soda, visizidi kumi. Rekodi inapita kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Wenye vitochi wanawekewa kwenye memori kadi. Mzazi hatakiwi kujua Kiingereza, aachie tu simu baada ya chakula cha jioni.

Vifuniko vinamwonyesha mwalimu nani amesikiliza, tena ndivyo zana za somo. Asiyekuwa navyo asikaripiwe. Aende kwenye kona, asikilize simu ya mwalimu, kisha achangiwe vifuniko na kujiunga na wenzake. Bila kona hiyo mbinu inamwadhibu mtoto kwa umaskini wa kwao, na afadhali isitumike kabisa.

Sasa hesabu. Watoto 50, nusu saa. Mwalimu akizungumza dakika 20, zinazobaki akazigawa kwa mmoja mmoja, kila mtoto anapata sekunde 12. Wakikaa wawiliwawili kwa dakika 15, kila mmoja ana dakika saba na zaidi. Mmoja anaficha vifuniko kiganjani na kuuliza "How many?", mwenzake anakisia "Four tops!" Kelele zitakuwepo, na mwalimu mkuu anayepita dirishani aelezwe mapema kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mwalimu aliyeachana na ubao anapata nafasi ya kusikia. Atasikia "two top", tena na tena. Kiswahili huweka wingi mwanzoni, kifuniko na vifuniko. Kiingereza kwa kawaida huupachika mwishoni, mahali ambapo sikio la mtoto wetu halijazoea kuutafuta. Kumkatiza kila mtoto kutaua mchezo. Aliandike kosa daftarini, na katika rekodi inayofuata aivute ile "s" ya mwisho, aiache isikike vizuri, kisha anyamaze mtoto ajaribu.