Hadithi za Wavamizi wa Sayari na Utenzi wa Vita: Maoni ya Msomaji wa Kilimarondo

Makusudi ya makala haya ni kuuliza swali moja. Hadithi za vita baina ya wanadamu na wavamizi watokao sayari nyingine, zilizoenea sana katika Kiingereza, zina mahali gani katika fasihi ya Kiswahili? Wako wasemao kwamba hazina mahali, kwa kuwa ni mchezo wa mataifa yenye roketi. Wako na wasemao kwamba yatupasa kuzifasiri upesi tusije tukaachwa nyuma. Naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: zote zadhani kwamba jambo hili ni geni kwetu.

Tuanze na shina lake. Kitabu cha H. G. Wells, The War of the Worlds, kilitoka mwaka 1898. Watu wa Mirihi washuka Uingereza na mitambo ya miguu mitatu na mwali wa joto uunguzao kila kitu, na jeshi la nchi lashindwa. Wengi husahau kwamba mtungaji mwenyewe, katika sura ya kwanza, ataja watu wa Tasmania walioangamizwa na wahamiaji kutoka Ulaya, na awaonya wasomaji wake wasiwe wepesi kuwahukumu watu wa Mirihi. Basi hadithi hii asili yake ni ukoloni. Wells aliyachukua yaliyowapata watu wa mbali akayatia katika vijiji vya karibu na London, ili wenzake wayaone.

Sasa tumpe kitabu hicho msomaji wa Kilimarondo, katika wilaya ya Nachingwea ipakanayo na Liwale. Huyu hana haja ya kusafirishwa. Mwezi wa Julai 1905, miaka saba tu baada ya kitabu kutoka, Vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Umatumbi. Katika Agosti boma la Liwale lilianguka, na vita vikaenea hata Nyangao na Masasi. Upande mmoja palikuwa na mikuki, magobole, na dawa ya Kinjikitile wa Ngarambe, iliyoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji. Upande wa pili palikuwa na bunduki ya mfululizo, ambayo watu waliiita bombomu kwa kufuata mlio wake. Jina hilo peke yake ni funzo kwa mtungaji atakaye kueleza silaha isiyojulikana: aliyepigwa hajui mtambo ulivyoundwa, ajua sauti yake. Kisha ikaja njaa, kwa kuwa Wadachi walichoma vijiji na mazao. Hesabu za waliokufa zatofautiana tangu 75,000 hata 300,000.

Kiswahili hakikukaa kimya. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, uwe nyongeza ya jarida la Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kabla yake Hemedi bin Abdallah el-Buhry alikwisha kutunga habari za Wadachi kutamalaki Mrima. Tukizilinganisha tungo hizi na hadithi za sayari twaona tofauti kubwa. Katika Wells adui hana neno. Twausikia mlio wa mitambo yake tu. Katika Hemedi Mdachi asema, adai, atisha, na hujibiwa. Kwa hiyo msomaji aweza kumchukia akimjua. Naye Abdul Karim, mtu wa pwani, hawasifu waasi wa bara. Awalaumu kwa kuifuata dawa. Wako waliomhesabia jambo hili kuwa aibu. Mimi nahesabu kwamba limeipa kazi yake thamani, maana latuonyesha kwamba wavamiwa si umati mmoja wenye moyo mmoja. Hadithi za sayari mara nyingi huwaunganisha wanadamu wote mara adui atokeapo. Historia ya Lindi haikuwa hivyo.

Swali la mwisho wa vita nalo latufaa. Watu wa Mirihi hawakuuawa na mzinga. Waliuawa na vijidudu vya maradhi. Yaani Wells aliwapa Waingereza maji yaliyofanya kazi. Watu wa kusini hawakupewa. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), ameligeuza jambo hili kuwa moyo wa mchezo: kiongozi akamatwa, atakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye akataa, kwa ajili ya watakaokuja baadaye. Hapo swali la silaha lapita, labaki swali la neno. Sijaona hadithi ya sayari iliyolifikia jambo hili kwa uzito huo.

Kuna tawi jingine, ambalo mhusika wake mkuu ni askari. Robert Heinlein, katika Starship Troopers (1959), atumia kurasa nyingi kueleza kambi ya mafunzo, na adui ni wadudu tu, ambao hapana haja ya kufikiri kabla ya kuwaua. Nachingwea ilikuwa na kambi ya kweli, ambamo FRELIMO iliwafundisha wapiganaji wake katika miaka ya 1960 na 1970. Mafundisho yake yalisema kwamba adui si Mreno kwa rangi yake, bali ni utawala wa kikoloni. Joe Haldeman, aliyepigana Vietnam, aliandika The Forever War (1974), ambamo vita vya karne nyingi vyaonekana mwishoni kuwa vilianza kwa kutoelewana. Haldeman na kambi ya Nachingwea wakaribiana kuliko Haldeman na Heinlein.

Neno moja juu ya lugha. Wafasiri wengine huwaita viumbe hawa “wageni”. Neno hili halifai. Mgeni kwetu ana haki yake, na siku ya tatu hupewa jembe. Ajaye na mwali wa moto hawezi kupewa jembe. Nashauri “wavamizi”, na neno “wageni” liwekwe kwa hadithi ambamo wajao hawajajulikana nia yao. Mtungaji hodari aweza kuanza na la pili akaishia na la kwanza, na badiliko hilo la jina likawa ndilo kisa chenyewe.

Kwa hiyo atakaye kutunga hadithi ya namna hii katika Kiswahili asianze na tafsiri. Aanze na tenzi, ampe adui ulimi, awaache wavamiwa wahitilafiane, na asisahau njaa ifuatayo vita. Mambo hayo matatu yamo katika habari za kusini.