Uta wa Mhadzabe na Tadbiri ya Matumizi

Atokaye Mjini Unguja akashika njia ya kaskazini hata Mangapwani, akateremka ufuoni maji yakiwa yamekupwa, huenda akamkuta mvuvi kivulini anasuka dema kwa fito alizozikata mwenyewe, na mawe ya kulizamishia ameyaokota papo hapo mwambani; akiulizwa amenunua nini, ataonyesha kamba tu. Hesabu hiyo ndiyo iliyonielekeza kuzipima zana za msasi aliye mbali na bahari, yaani Mhadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, awindaye kwa uta hata leo.

Uta wake huchongwa kwa mti kama mkole. Upote hufanywa kwa kano za mnyama aliyekwisha kuliwa. Mawano ya mishale hunyooshwa kwa moto na meno, kisha hutiwa manyoya ya kanga au tumbusi. Mshale wa ndege hauna hata chuma, kwani ncha yake ni mti uliochongoka. Wala asidhani msomaji kwamba urahisi huu ni udhaifu, maana kuuvuta uta huo hutaka nguvu ya kadiri ya kilo 30.

Mali humtoka msasi anapomkusudia mnyama mkubwa, kwa kuwa chuma hakioti porini. Hutoa asali au nyama kwa majirani, akapata msumari, akaufua pasipo tanuri, jiwe juu ya jiwe, hata ukawa kigumba bapa chenye makali. Nyuma ya kigumba hupaka utomvu wa mti wa Adenium, uliochemshwa ukawa mzito na mweusi, akauzungushia ukanda mwembamba wa ngozi ili sumu isikauke wala isimdhuru mwenyewe.

James Woodburn, mtaalamu Mwingereza aliyekaa na watu hawa, aliandika mwaka 1982 juu ya mchezo wao wa kamari uitwao lukucuko, ambamo mishale ya chuma, visu na shanga huwekwa rehani, lakini uta, mishale ya ndege na mfuko wa ngozi haviruhusiwi. Hekima yake ni dhahiri: kilicho adimu huzunguka mikononi mwa wote, asipatikane wa kukilimbika, na kile ambacho kila mtu aweza kujitengenezea hakimtoki, hata akishindwa vipi hawezi kulala njaa kwa kukosa zana.

Huko Marekani, tangu H. W. Allen alipopewa hataza ya uta wa magurudumu mwaka 1969, wako wasasi ambao kila msimu huwadai uta mpya, ingawa windo ni lile lile. Hiyo ni israfu. Mvuvi wa Mangapwani hulipia kamba kwa sababu ndiyo inayolirejesha dema juu, na Mhadzabe hulipia chuma kwa sababu ndicho kinachopenya ngozi. Basi nawe, kabla ya kufungua mkoba, tenga kwanza kile ambacho mkono wako na ardhi yako haviwezi kukupa; hicho kilipie bila ya kusita, na kilichosalia kakichonge.