Ilizimaje?

Katika karakana za mashine za boti mjini Lamu, fundi mzuri huanza na swali hilo, na huliuliza mikono ikiwa bado mitupu. Nahodha anataka kuona spana. Abiria wake wa Faza wamekaa gatini na mizigo yao, maji yameanza kupwa, na mlango-bahari wa Mkanda, njia yao yenye maji haba, haumngoji mtu. Fundi anarudia taratibu: "Ilizima ghafla, nahodha, au ilidhoofika kwanza?"

Jibu lina uzito kuliko nahodha anavyodhani. Mashine iliyokatika mara moja, bila dalili, mara nyingi imekosa moto: waya umelegea, koili imekufa, au ile kamba nyekundu ya usalama imechomoka kwenye swichi na hakuna aliyeiona. Iliyokohoa, ikapoteza nguvu, ikajikongoja halafu ikanyamaza, shida yake iko kwenye mafuta. Na iliyosimama huku kamba ya kuwashia ikigoma kuvutika, pengine imekosa oili au maji ya kupoza, na hiyo ni habari nzito. Kifuniko hakijafunguliwa bado, lakini fundi keshajua aanzie wapi.

Ninachokihusudu kwa mafundi hawa ni huko kujizuia. Chukua mashine inayokwenda vizuri robo saa, ikazima, ikapumzishwa, ikawaka tena. Wenye haraka hukimbilia kabureta, wakaishusha na kuitawanya juu ya gunia. Fundi aliyeiva hushika kwanza ule mpira wa kubinya ulio kwenye paipu ya mafuta. Akiukuta umenywea, hulegeza skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi. Hewa inaingia kwa mlio mwembamba, na kazi imekwisha. Tangi lilikuwa limefungwa kabisa, mashine ikawa inanyonya petroli mahali ambapo hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mpaka ikashindwa. Wapo manahodha wanaonung'unika kulipia kazi ya dakika mbili. Mimi naona hakuna pesa yao iliyolipwa kwa haki kuliko hiyo.

Plagi ikitoka, huinuliwa kwenye mwanga na kusomwa. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye unyevu ina maana oili imezidi au moto haufiki. Nyeupe kavu yaonya kwamba silinda inachomeka kwa joto, pengine kwa sababu mafuta yanafika kidogo mno. Mashine hizi ni za mipigo miwili, na hazina akiba ya oili chini. Oili yote inayolainisha pistoni na beringi huja pamoja na petroli, na kwa mashine nyingi kipimo ni nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli. Anayepunja oili ili kubana matumizi huipata hesabu yake baadaye, kwa bei ya pistoni na ringi. Kisha kuna maji. Petroli inayosafiri kwa madumu ndani ya boti huchanganyika na maji bila mtu kujua. Fundi humimina kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani, akaiweka chini, akangoja. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hushuka, na mstari kati ya viwili hivyo hujichora wenyewe. Ikibidi kabureta ifunguliwe, vitundu vyake huoshwa kwa petroli na kupulizwa, na penye uchafu sugu hupitishwa uzi wa mshipi wa kuvulia. Waya hauingii humo, kwa sababu hukwangua na kupanua tundu lililopimwa kiwandani, na tundu hilo halirudi tena kuwa dogo.

Umbo la mashine hizi halijabadilika sana tangu Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway, alipoanza kuziuza huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909: silinda juu, shafti ndefu ndani ya mguu, gia na propela chini. Yamaha ya Japani ilitoa yake ya kwanza mwaka 1960, na jina hilo leo linaonekana kwenye boti nyingi za pwani yetu. Sheria za moshi za Ulaya na Marekani zimeziminya sana mashine za mipigo miwili za kabureta, na kwa haki, maana hutema mafuta ambayo hayajaungua ndani ya maji yaleyale tunayovua. Lakini ni mashine ambayo mtu anaweza kuielewa yote, kuanzia kamba hadi propela, na kuitengeneza ufukweni kwa spana chache. Ufundi ninaousifu umekulia hapo.

Kazi ninayopenda kuitazama kuliko zote ni ya impela. Hiki ni kigurudumu cha mpira chenye mapezi, kimejificha ndani ya mguu wa mashine, nacho husukuma maji ya bahari juu yakapoze silinda. Mchanga wa maji haba hukitafuna. Mashine ikiwashwa nchi kavu bila maji, mapezi huungua baada ya muda mfupi sana. Dalili huonekana nyuma, pale mchirizi wa maji unapopungua. Hata hapo fundi haharakishi. Kwanza huchokonoa tundu la mchirizi, kwa kuwa chumvi huliziba, na wakati mwingine manyigu wamejenga humo. Likiwa safi na maji bado ni haba, ndipo mguu unaposhushwa.

Impela ya zamani ikitoka, huyahesabu mapezi. Pezi likikosekana, hatafunga chochote mpaka akione kipande chake, kwa sababu hakikupotea, kimepanda na maji na kukwama kwenye njia nyembamba huko juu. Fundi asiyekitafuta ataweka impela mpya, mashine itachemka tena wiki hiyohiyo, na lawama itakwenda kwa spea. Akiisha kukipata, hupaka grisi kidogo, kisha hushusha kifuniko cha pampu huku akizungusha shafti upande ule inaozunguka mashine ikienda, ili mapezi yote yalale upande wake. Hapo vidole ndivyo vinavyoona.

Oili ya gia nayo ina utaratibu wake. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi mkosaji ni mshipi uliojisokota nyuma ya propela ukakata sili. Oili mpya huingizwa kwa tundu la chini mpaka itoke la juu, ndipo hewa isibaki ndani.

Jioni mashine husimamishwa ndani ya pipa la maji matamu na kuwashwa, chumvi itoke kwenye njia zake. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vya Shela, na kila ndoo ina thamani, kwa hiyo namheshimu sana nahodha anayeitoa kwa mashine bila kushurutishwa.

Na mashine ikizama? Watu wengi huitoa, wakaianika juani ikauke. Huko ndiko kuiua, maana chuma kilicholowa chumvi huanza kuliwa pale kinapokutana na hewa. Fundi ataiosha kwa maji matamu mengi, nje na ndani, atoe plagi, amwage maji ya silinda, kisha azungushe mashine kwa mkono, polepole. Ikiwa ilikuwa inazunguka ilipozama na sasa inagoma mahali pamoja, hatalazimisha, kwani huenda maji yamepinda konrodi. Ikizunguka vizuri, atamimina oili kwenye silinda, asafishe kabureta na nyaya, aiwashe siku hiyohiyo na kuiacha iungurume muda mrefu, joto lifukuze unyevu kwenye beringi. Kama ajali imetokea mbali, Kiwayu au Kizingitini, na fundi hatafika kabla ya kesho, mashine ilazwe ndani ya maji matamu, yaifunike yote, ibaki humo mpaka afike.