Nukuu Elfu Nne na Kuku wa Glick

Juzi nilialikwa kwenye hafla ya kumpongeza profesa mpya wa imunolojia. Mshereheshaji akasoma kikaratasi: makala mia mbili na kitu, nukuu elfu nne, h-indeksi ya kutisha. Ukumbi ukarindima vigelegele. Mimi niliendelea na sambusa yangu. Orodha ile nilikuwa nimeipitia kwenye kamati, makala baada ya makala, na sikuona swali hata moja alilolijibu.

Namba tuzimalize upesi. H-indeksi tuliletewa na mwanafizikia, Jorge Hirsch, mwaka 2005. Faharasa ya nukuu Eugene Garfield aliitoa 1964 ili watu watafutie makala. Kupandishiana vyeo kumekuja baadaye. Kwa hiyo chukua kalamu nyekundu. Makala za mapitio, futa, maana hunukuliwa zaidi kuliko kazi ya maabara. Alikojinukuu mwenyewe, futa. Makala za waandishi sitini ambako yeye ni wa arobaini na moja, futa bila huruma. Polly Matzinger mwaka 1978 alimwandika mbwa wake, Galadriel Mirkwood, kuwa mwandishi mwenza, na simwoni mbwa yule akizidiwa mchango na wengi ninaowasoma siku hizi.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wageni wa kazi hii hawalitazami kamwe: nukuu imekaa wapi. Wao wanahesabu waliomtaja. Fundi anaifungua makala iliyomtaja. Ukimkuta kwenye sentensi ya kwanza ya utangulizi, ile ya “malaria bado ni tatizo kubwa”, amebanana na wenzake saba kwenye mabano mamoja, hiyo ni salamu ya barabarani. Aliyeitoa huenda hata muhtasari hakuusoma. Shuka kwenye mbinu. Je, kuna aliyetenga seli kwa njia yake, akaagiza kingamwili ileile, akaizimua vilevile? Huyo amemwamini kwa pesa zake na panya wake. Shuka tena hadi kwenye mjadala. Je, kuna aliyerudia jaribio likamgomea, akasema hivyo waziwazi? Nukuu moja ya ubishi naibadilisha na kumi za salamu, tena nabaki na faida. (Na msinitajie Lowry. Makala yake ya 1951 ya kupima protini imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, lakini ile ni mizani ya sokoni, kila muuzaji anayo.)

Profesa wetu nilimfungulia nukuu thelathini. Karibu zote utangulizi. Nyingi zimetoka kwa watu walewale watano: mwezi huu fulani anamtaja yeye, mwezi ujao yeye anamtaja fulani. Mama zetu wanauita mchezo huo upatu, ila wao huondoka na sufuria.

Matapeli wa zamani walau walishika wanyama. Mwaka 1974 huko Sloan-Kettering, New York, William Summerlin aliwapaka panya weupe wino mweusi ionekane kipandikizi cha ngozi kimekubali. Mhudumu wa maabara aliwapangusa kwa spiriti, wino ukatoka.

Na mabingwa? Bruce Glick, pale Ohio, alikuwa na kuku aliowakata bursa, kile kifuko cha karibu na mkia. Mwenzake, Timothy Chang, akawaazima ili aonyeshe darasa jinsi kingamwili zinavyotengenezwa. Akawachoma sindano, kuku wakagoma kutoa kitu. Jarida la Science waliikataa makala yao. 1956 ikatoka kwenye Poultry Science, jarida la watu wa kuku, na wataalamu wa kinga wakapita mbali kwa miaka. Ile B ya seli B ni ya bursa hiyo. Mwanaimunolojia Burnet naye nadharia yake ya uteuzi wa kloni, 1957, aliipeleka kwenye jarida dogo la kwao Australia, kurasa chache tu. Leo kamati ingemuuliza impakti fakta ya jarida hilo.

Kitu kingine: orodha ya fundi ina mapengo. Anayefuatilia kinga ya malaria kwa watoto wa Kilifi atasubiri masika yapite, na mengine yapite, ndipo afungue mdomo. Makala ishirini kwa mwaka ni kiwanda cha matofali. Ushahidi wa hili sina, wala sijautafuta.

Makala yangu ya kwanza ilipotoka, kabla ya intaneti, watu waliandika kadi za posta kuomba nakala. Mtu alilipia stempu. Nilipata kadi kumi na moja, nazo zimo kwenye kopo la biskuti kabatini. Kumi zinaomba nakala tu. Ya kumi na moja, ya Ibadan, ina mstari mmoja wa ziada kwa penseli: kwenye mchoro wa pili, seramu mliipasha moto kwanza?

Hatukuipasha.