Hati Inayoishia Getini

Mwaka 1966 Sean Hudson na mwanaanthropolojia James Woodburn walitengeneza filamu ya The Hadza, kuhusu Wahadzabe wa ukanda wa Ziwa Eyasi na namna wanavyojitafutia chakula porini. Baadhi ya Wahadzabe wako mkoani Singida, wilaya ya Mkalama, upande wa Munguli. Kwa hiyo maktaba ya chuo mjini Singida, iwe ya kituo cha Chuo Kikuu Huria au ya kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, ina sababu nzuri ya kuandaa jioni ya filamu za namna hii. Kazi iko kwenye kibali.

Anayenunua diski hajanunua haki ya kuionesha hadharani. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, haki hiyo inabaki kwa mwenye kazi mpaka aitoe. Ndiyo maana wasambazaji wa filamu za elimu huwa na bei ya nyumbani na bei ya taasisi, na ya taasisi huwa juu zaidi. Mkutubi aulize kabla ya kulipa kama bei aliyopewa inajumuisha maonesho ya hadharani, na jibu alipate kwa maandishi.

Amuulize nani? Hapa wengi hupoteza muda. Haki za usambazaji hugawanywa kwa maeneo, na kampuni inayouza filamu kwa vyuo vya Marekani huenda haina mamlaka yoyote kwa Afrika. Filamu ichezwe mpaka mwisho kabisa, usomwe mstari wenye alama ya hakimiliki, kisha barua iende kwa mtayarishaji na nakala kwa msambazaji.

Filamu za zamani zina jambo lake. Sheria yetu inailinda kazi ya picha na sauti kwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa au ilipotolewa kwa umma. Uingereza ulinzi huenda mbali zaidi. Kazi ya 1966 inaweza basi kuwa huru Singida huku ikilindwa London. Hata hivyo nakala safi bado iko kwa anayeitunza, naye huitoa kwa masharti ya mkataba wake. COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki nchini, iulizwe kwanza, halafu mkataba ujadiliwe kwa kujua hasa kinacholipiwa ni nini.

Sharti linaloniuma ni lile la mahali. Hati nyingi za kibali kwa vyuo huruhusu maonesho ndani ya eneo la chuo tu, bila kiingilio. Kwa filamu ya uchumi halina madhara makubwa. Kwa filamu ya Wahadzabe maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyetoka Mtwara ataiona, na mjukuu wa aliyepigwa picha, aliyeko Munguli, hataiona. Sheria haimlazimishi mwenye haki kuliondoa sharti hilo. Anaweza kulilegeza akiombwa vizuri, na maombi yenyewe ni sentensi moja tu: “Tunaomba kuonesha filamu hii bila kiingilio, kwa miaka mitatu, katika ukumbi wa maktaba na katika vijiji vya wilaya ya Mkalama vyenye jamii inayoonekana ndani yake.” Muda, mahali, watazamaji na kiingilio vyote vimetajwa, mwenye haki hana cha kukisia. Sentensi hiyo iwe kwenye barua ya kwanza, kwa sababu hati ikishasainiwa, kuongeza kijiji ni mazungumzo mapya na pengine malipo mapya.

Lugha nayo iombewe. Kuweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha ni tafsiri, na tafsiri ni haki ya mwenye kazi. Vivyo hivyo msimulizi anayetafsiri papo hapo, kwa mtindo alioupa umaarufu Lufufu kwenye mikanda ya video. Munguli atahitajika pia mkalimani wa Kihadzabe, na kazi yake itajwe katika hati.

Barua ya mwenye haki haiondoi wajibu kwa Bodi ya Filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inasimamia maonesho ya hadharani hapa nchini, na mlango wa karibu ni Afisa Utamaduni wa halmashauri. Apelekewe nakala ya filamu, barua ya mwenye haki na orodha ya vijiji mapema, kabla tarehe haijatangazwa kwa wanafunzi wala kwa wazee wa Munguli.