Kifaransa cha Kilwa, Njia ya London

Kijitabu chenyewe hakina hata jalada. Ni karatasi za fotokopi zilizobanwa pini, zinapita mkono kwa mkono kati ya vijana wanaoongoza watalii pale gatini Kilwa Masoko. Nakala yangu nilipewa na mshikaji mmoja Nangurukuru, tukisubiri basi la Lindi. Ndani mna safu mbili: kushoto maneno na misemo ya Kiingereza ya kila siku, kulia Kifaransa chake. Mtungaji hakuandika jina, nami sikumtafuta. Kijana aliyekesha na kamusi ili wenzake wapate mkate si wa kuchekwa. Lakini kazi ikishatolewa kwa watu ni ya watu, na sisi wasomaji tuna haki ya kusema.

Tuanze na mazuri. Ukurasa wa maneno yanayofanana sura ni bomba. Anatuonya kuwa "librairie" ya Mfaransa ni duka la vitabu, maktaba ni "bibliothèque". Kwamba "actuellement" ni hivi sasa, wala siyo "actually" ya Mwingereza. Misemo nayo kaichagua kwa ladha. Mtu akiondoka kimyakimya bila kuaga, Mwingereza husema kachukua "French leave", ruhusa ya Kifaransa. Mfaransa naye husema kaondoka Kiingereza, "filer à l'anglaise". Kila mmoja anamtupia jirani. Sisi tunasema kaingia mitini, basi, hatumsingizii mtu. Sauti ikikauka, Mwingereza ana chura kooni, Mfaransa ana paka. Sisi tumepwewa na sauti, kama bahari inavyopwa.

Kasheshe inaanza ukurasa wa hali ya mwili. Mbele ya "I am hungry" kaandika "je suis faim". "I am hot", "je suis chaud". "I am full", "je suis plein". Neno kwa neno, kama mtu anayehesabu korosho. Sasa ndugu msomaji, hiyo ya mwisho mimi mwenyewe nimewahi kuisema. Ilikuwa Kilwa Kisiwani, baada ya wali na pweza, wageni wawili wa Kifaransa wananihimiza niongeze. Nikajishika tumbo, nikatamka kwa madaha. Wakatazamana, wakaangua kicheko. Kumbe nimewaambia nimelewa chakari! Angeisema dada yangu ingekuwa soo zaidi, maana ikigeuzwa kuwa ya kike husemwa mnyama mwenye mimba. Na ile ya joto usiijaribu kabisa mbele ya mke wa mtu.

Mfaransa anasemaje? "J'ai faim", nina njaa. "J'ai soif", nina kiu. "J'ai sommeil", nina usingizi. "J'ai vingt ans", nina miaka ishirini. Yasome tena polepole. Muundo huo ni wa kwetu kabisa! Mama yangu hajui neno la Kifaransa, lakini akisema "nina njaa" ameshafika Paris. Sisi tuliosoma tunazunguka London kwanza, tunavaa "am" ya Mwingereza, halafu tunaingia nayo kwa Mfaransa tukaumbuke.

Hapo ndipo ninapogombana na kijitabu hiki. Tatizo si makosa yake, makosa hufutwa. Tatizo ni kwamba mtungaji, Mswahili anayewaandikia Waswahili, hakuweka Kiswahili hata mstari mmoja. Kana kwamba lugha aliyonyonya haina la kumfundisha.

Tazama "I miss you". Yeye kaandika "je te manque", yaani mambo yamepinduka: mimi ndiye ninayekosekana kwako. Mfaransa husema "tu me manques", wewe ndiye mtendaji, wewe ndiye unayekosekana. Bibi yangu wa Kivinje nikikaa miezi sijaenda huniambia, "Umenipotea, mjukuu wangu." Wewe ndiye mtendaji! Angemsikiliza bibi asingekosea. Na tusimcheke peke yake, sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Fungua hadithi zetu za mapenzi uhesabu "nimekukosa" na "mwisho wa siku". Wahusika wanaitwa Mwanahawa na Saidi, vinywa vyao vya London.

Lakini neno lililoniuma zaidi ni "pole". Tunalisema mara mia kwa siku. Mgeni akijikwaa kwenye mawe ya Husuni Kubwa, kiongozi wetu humwambia "sorry", na kwa kufuata kijitabu, "pardon". Mgeni anashangaa: kwani wewe ndiye uliyenisukuma? Pole ya kushiriki maumivu imegeuka kukiri kosa. Wakati huohuo Mfaransa akimkuta mtu anahangaika na kazi humwambia "bon courage", na hiyo inakaribiana mno na "pole na kazi" yetu. Kiingereza hakina neno la kawaida linalotosha hapo, kwa hiyo kijitabu nacho hakina. Lango lilikuwa wazi, yeye kapita dirishani.

Mtaniambia ni mambo ya watalii tu. Sikilizeni. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani Hasan wa Kilwa: watu 1,000 kila mwaka, piasta 20 kwa kichwa, na piasta 2 juu yake zawadi ya Sultani. Mkataba wa miaka 100. Mimi, mtoto wa Kilwa, ahadi hiyo ya Sultani wangu kwa Mfaransa nimeisoma kwa Kiingereza, katika kitabu cha Freeman-Grenville cha mwaka 1965. Kiingereza kinasema "slaves", kwisha. Kiswahili cha pwani kina mtumwa, mateka, mzalia, mjoli, na kila neno lina uzito wake kwa aliyeitwa hivyo. Nililiangalia lile neno moja la Kiingereza likiwafunika wote.

Nimechukua rula nikachora safu ya tatu kwenye nakala yangu, kushoto kabisa. Naijaza taratibu. Mwingereza akimtaja mtu naye akatokea, husema "speak of the devil". Mfaransa humwita mbwamwitu. Mimi nimeandika "utaishi miaka mingi, sasa hivi tulikuwa tunakutaja". Njaa, kiu na usingizi nimemaliza. Mstari wa "pole" bado mtupu upande wa Kifaransa. "Bon courage" inamfaa mwenye kazi, haimfai aliyejikwaa, wala aliyefiwa. Mwenye wazo aniandikie kupitia kwa mhariri.